Tangazo Lisilokatwa

Mwezi uliopita, katika duka la cherehani la Kilifi ninakouza, tajiri wangu, mwenye duka, aligonga kaunta kwa kidole. "Tumeandika gazetini, 'Kata tangazo hili uje nalo.' Wiki nne, hakuna aliyekuja nalo. Kesho nalifuta."

Aliniajiri kwa ajili ya wateja wa tangazo hilo. Likifutwa, narudi nyumbani.

Mchana akaingia mama mmoja kutoka Tezo, akaenda moja kwa moja kwenye cherehani ile ile iliyochorwa gazetini.

"Shikamoo mama. Umejuaje kuwa tunayo?"

"Marahaba mwanangu. Mwalimu wa kijijini kwetu alitusomea gazetini."

"Mbona hukulikata tangazo ukaja nalo?"

Alinitazama kana kwamba nimemtukana. "Nilikate gazeti la mwalimu? Likitoka kwake laenda kwa fundi seremala, kisha kwa mzee wa kanisa. Wewe kwenu hukufunzwa?"

Kwenye kaunta, kidole cha tajiri kilichokuwa kikigonga tena kilitulia. Nikamwambia, "Tajiri, tangazo lafanya kazi. Kosa letu ni kungojea mkasi."

Tangu siku hiyo namwuliza kila mteja alivyotujua, naandika daftarini. Wengi wamesomewa. Wenye maduka, msililaumu tangazo kabla hamjajua gazeti lenu lapita mikono mingapi.

Siku hizi mstari wa mwisho wa tangazo nimeutunga mimi: "Ukifika, tuambie nani alikusomea." Shule niliiacha kidato cha kwanza kwa kukosa karo. Lakini huko Tezo, kila wiki, mwalimu huyasoma maneno yangu kwa sauti, na watu wazima humsikiliza.