Jozi ya Tisa

Poka, mchezo wa karata, ililetwa nyumbani kwetu na jirani, mpima barabara, masika ile mvua ilipokata njia na pantoni likasimamishwa kule mtoni. Alikuwa ametumwa Ifakara kupima njia ya kwenda ng'ambo, sasa hakuwa na cha kupima. Mimi nilikuwa fundi wa mashine ya kukoboa mpunga, na masika mashine hulala, kwa kuwa mpunga wenyewe bado uko shambani, umesimama majini. Mke wangu alifundisha darasa la pili, akirudi saa nane mchana. Basi tukawa watu watatu, kibaraza kimoja, na mvua isiyotaka kukatika.

Jirani alisomea nje, nchi ya baridi, na huko bwenini ndiko alikojifunza mchezo. Mke wangu, mwanakwaya, alikubali kwa sharti moja.

"Pesa hapa haziwekwi."

Tukawekeana visoda, vile vifuniko vya chupa za soda. Nilikuwa navyo debe zima, nimevikusanya kwa ajili ya kupigilia mabati.

Kila mtu anapewa karata tano. Mnaweka dau, mnabadilisha karata msizozitaka, mnaweka dau tena. Anayeogopa anatupa karata zake. Wakibaki wawili wanafungua, na mwenye karata kubwa anazoa.

"Lakini msitazame karata tu," jirani alitufundisha. "Tazameni nani ameshika mpini. Aliyeongeza dau mwanzo, wenzake wote wanamsubiri yeye. Sasa umebadilisha, umebaki na kitu cha katikati, karata mbili zinazofanana, jozi ya nane, jozi ya tisa. Uendelee kusukuma dau kama mwenye mali, au upite bila kuweka kitu, umwachie mwenzio mpini? Hapo ndipo watu wanapotofautiana."

Mimi nilikuwa mtu wa kuachia. Mke wangu hakuachia. Alivisukuma visoda kwa ubavu wa kiganja, taratibu, kama anavyofuta vumbi la chaki mezani, wala haniangalii. Mimi na jozi yangu ya kumi natupa. Halafu anazigeuza zake makusudi nizione: jozi ya nne.

"Shemeji, wewe ni hatari!" jirani anapiga makofi.

Neno lile shemeji lilianza kunikera. Mwanzoni alikuwa akimwita mwalimu.

Kisha nikagundua jambo. Mimi, mke wangu alikuwa ananisukuma kila mara. Lakini wakibaki yeye na jirani, hata kama mpini alikuwa nao tangu mwanzo, baada ya kubadilisha anagonga meza kwa kidole: anapita. Anamwachia. Jirani anaweka visoda vichache, yeye anafuata, wanafungua, karata karibu zinalingana, wanacheka. Nikajiuliza, mwanamke anayenikaba mimi kila jioni, kwa nini kwa huyu analainika? Nikaanza kuona mengine. Karanga zikawa zinakaangwa na chumvi nyingi, kama jirani alivyozisifia. Kile kitenge chake kipya, sijui kilitoka sandukuni lini. Jirani akikohoa, mke wangu anauliza kama ametumia dawa. Mimi nilikohoa masika nzima.

Siku moja nilikwenda kukagua mashine isije ikaingia maji. Niliporudi niliwakuta kibarazani wanacheza wawili. Mlango wazi, watu wanapita barabarani, hakuna lililofichwa. Hata hivyo sikuketi.

"Tulikuwa tunakusubiri," mke wangu akasema.

"Mnanisubiri huku mnacheza?"

Jirani akainuka. "Kaka, ngoja niwaache mpumzike."

Hakuna aliyemzuia. Mke wangu akaingia jikoni, akachukua ungo, akaanza kuchambua mchele. Nikasimama mlangoni.

"Kwa nini mimi unanisukuma, yeye unamwachia?"

Mkono wake ukasimama juu ya ungo. "Unauliza karata, au kuna kingine unauliza?"

"Karata."

"Haya, nikujibu karata. Wewe nikikusukuma, unatupa. Yeye hatupi. Nikimsukuma nikiwa na jozi ya tisa atanifuata mpaka mwisho, na akiwa amenizidi nitapoteza visoda vingi bure. Kwa hiyo napita, tufungue kwa dau dogo. Wewe nakusukuma kwa sababu unaondoka."

"Naondoka?"

"Unaondoka, baba. Hata ukiwa na karata nzuri. Mimi sijaweka kitu, wewe umeshaamini kwamba nimekuzidi."

Akaendelea kutoa chuya. Nilidhani nikipata jibu wivu utaisha, kumbe ulizidi. Nilichomwonea wivu jirani sasa ni kwamba mke wangu hakuweza kumtisha.

Jirani hakuja siku mbili tatu. Jumapili baada ya ibada mke wangu alimwita mwenyewe, mbele yangu. Tukacheza. Ikafika zamu nimepata jozi ya tisa. Jirani akatupa mapema. Mke wangu akaongeza dau, tukabadilisha, sikupata cha kunisaidia. Akasukuma tena, rundo zima, bila kuniangalia. Vidole vyangu vilikuwa vimeshazikunja karata tayari kuzitupa.

"Nafuata," nikasema.

Akainua macho. "Unafuata?"

"Nimesema nafuata."

Akafungua jozi ya malkia. Alikuwa nazo kweli. Nilijiandaa kwa makofi ya jirani, lakini mke wangu ndiye aliyepiga kelele, akanishika mkono kwa mikono yake miwili. "Umebaki! Leo umebaki!" Alicheka hadi machozi, kana kwamba mimi ndiye nimeshinda.

Jirani alikuwa akikusanya karata, uso ameuinamisha. Mke wake alikuwa mbali, hawajaonana tangu kabla ya mvua. Alitutazama mara moja tu, mikono yetu, akageukia barabarani. Mtazamo ule niliujua. Sikumwonea huruma siku hiyo. Nilifurahi, na nikamwacha mke wangu aendelee kunishika.

Maji yalipopungua jirani alipangiwa kazi Mang'ula, akatuachia karata zake. Tulimsindikiza hadi stesheni. Mke wangu akampa karanga za njiani kwenye karatasi. Tulikuwa tumeshaanza kurudi nilipoona mke wangu amegeuka kumpungia mkono mara ya pili, nikamwambia twende, mvua inakuja. Mbingu ilikuwa nyeupe, bila wingu la mvua.