Klachi Iliyomweka Fundi Msabah Kizimkazi

Msabah alikuwa fundi wa magari mwenye gereji nyuma ya soko la Darajani, Unguja mjini, mgane wa makamo aliyezoea kula mkahawani na kunyamaza. Wateja walimpenda kwa kuwa hakuwa na maneno. Wengine walimwogopa kwa sababu hiyo hiyo. Akiulizwa gari lina nini, hujibu, "Limechoka," akaingia uvunguni.

Mwaka wa khamsini na nane, Bwana Turki, mtu wa mjini mwenye mashamba ya minazi kusini, alinunua Landrova ya dizeli. Ilinguruma kama mashine ya kukoboa mpunga, naye alijivunia ngurumo hiyo. Haukutimia mwaka, ikamgomea huko huko kusini, kijijini Kizimkazi. Injini inavuma, gia inaingia, gari haliendi. Moshi ulimtoka chini ya miguu, na watu walioitwa kusukuma wakasimama mbali wakisema lina shetani.

Bwana Turki akarudi mjini, akamtuma Msabah, naye akaja kwa basi na klachi mpya ndani ya pakacha. Gari lilikuwa limelala mbele ya nyumba ya Bi Mashavu, mjane aliyekuwa barazani akisokota kamba za usumba, zile nyuzi za makumbi ya nazi.

"Umekuja kulitibu au kulizika?" Bi Mashavu aliuliza.

"Kulifungua."

Sanduku la gia la Landrova hutolewa kwa juu, ndani ya gari, baada ya kung'oa viti na sakafu. Basi viti vikapangwa barazani kwa Bi Mashavu, na wazee wakaja kuvikalia kwa zamu. Kizimkazi haikupata kuwa na kiti cha springi. Hakuna aliyeuliza gari litapona lini.

Sanduku lenyewe lilikuwa zito. Jecha, mvuvi wa jirani, aliita wenzake, wakapitisha boriti mabegani, Bi Mashavu akatoa kamba, wakalinyanyua kwa wimbo wa kuvutia mashua. Msabah aliwaambia polepole. Wakaimba polepole.

Ndani mlikuwa na msiba. Sahani ya klachi imelika hadi misumari yake, na misumari imeichimba flaiwili, lile gurudumu zito la chuma linalozunguka nyuma ya injini. Ilikuwa na mifereji, na katikati ya mifereji, ufa. Kufunga klachi mpya juu ya flaiwili ile ingekuwa kama kumvisha kanzu mpya mtu asiyekoga. Msabah alipeleka salamu mjini flaiwili iagizwe Mombasa, kisha akakaa kungoja.

Alilala kwa Jecha. Chakula kilitoka kwa Bi Mashavu, ambaye alisema mgeni ni wa mji mzima, ingawa mji mzima haukupika. Siku aliyoletewa pweza wa nazi, Msabah alisema, "Kitamu." Jecha akalipeleka neno hilo kama taarifa ya serikali.

"Mwambie nimesikia," akasema Bi Mashavu.

Flaiwili ilifika kwa basi pamoja na Bwana Turki mwenyewe. Msabah akaifunga, akachonga kigingi cha mti cha kuishika sahani ya klachi ikae katikati, akakaza bolti kidogo kidogo, huku na huku. Wavuvi wakarudisha sanduku. Wazee wakaachia viti kwa shingo upande.

"Fundi, niambie kweli," alisema Bwana Turki. "Nimeuziwa gari bovu?"

Msabah akafuta mikono. Alijua sababu tangu siku ya kwanza, na kimoyomoyo alikwisha kumdharau mtu huyu. Lakini kumwambia mwenye gari kosa lake hakukuwa desturi yake.

Bi Mashavu hakuwa na desturi hiyo ya kunyamaza. "Bwana Turki, usinishike ubaya. Ulipotupakia kwenda mazikoni Makunduchi, nlikaa ubavuni mwako. Mguu wako wa kushoto ulilala juu ya pedeli ya klachi safari nzima."

Bwana Turki alimtazama Msabah. "Kweli?"

"Kweli. Ukiilalia, haili chakula. Inalika yenyewe."

Bwana Turki akajishika goti, akasema kwa sauti ndogo, "Mguu huu unaniuma tangu nilipoanguka ngazini. Sina pa kuuweka."

Msabah aliona haya. Hakulifikiria hilo. Akamwomba Jecha kipande cha mbao kilichobaki kwenye mashua, akakipigilia sakafuni kando ya pedeli, Bi Mashavu akakitandika usumba. Bwana Turki akapanda, akaweka mguu, akafumba macho.

"Ah," alisema. Kisha akaondoka, na gari likapanda njia ya mawe bila moshi.

Msabah alibaki, akisema ana spana za kuosha. Aliziosha hadi alasiri. Kisha akasimama mbele ya baraza.

"Bi Mashavu."

"Naam."

"Mimi maneno yangu machache."

"Nshayaona. Mtume Jecha, yeye anayo mengi."

Jecha akatumwa kuposa. Walioana Mfunguo Mosi, mwezi unaofuata Ramadhani. Bi Mashavu alikataa katakata kuhamia mjini, kwa hiyo Msabah akawa anakwenda gereji Jumamosi na kurudi Alhamisi kwa basi. Basi hilo liliharibika mara nyingi. Likiharibika Jumamosi, fundi alikaa kitini kama abiria wengine, akangoja dereva ahangaike. Likiharibika Alhamisi, alikuwa uvunguni kabla vumbi halijatulia.