Mkekani Mtoto Haitwi

Kisa hiki hamtakiamini, nami nawasamehe mapema. Mtu akishajulikana kwa ulimi mrefu, hata akisema kumekucha watu hufungua dirisha wahakikishe. Lakini hiki kina mashahidi, na shahidi mkuu ni mpwa wangu, binti wa dada yangu, ambaye tangu aote meno hajawahi kunichekea mzaha kwa hisani. Chumvi sitatia. Nikitia, ni ya kuonjea tu.

Mpwa huyu ni mkutubi. Kwetu sisi tuliolikimbia darasa la sita kabla halijatufukuza lenyewe, mkutubi ni yule anayeketi katikati ya vitabu akikutazama kana kwamba umekuja kuviiba. Maktaba yake ni jengo la chini, kuta zimepauka, mlango wa kioo una ufa uliozibwa kwa utepe wa gundi. Wasomaji walikuwa wazee watatu wanaogombania gazeti moja, na wanafunzi waliokuja kuchaji simu. Basi siku moja akamwendea mkuu wa maktaba, bwana mwembamba mwenye miwani jozi mbili, moja puani na moja utosini, akaomba apewe chumba cha nyuma kilichojaa viti vibovu. Anataka kila Jumatano asubuhi waletwe humo watoto wachanga, wacheze na walezi wao. Mkuu akamuuliza mtoto wa miezi saba atasoma nini. Mpwa akamjibu, uso mkavu, kwamba kitabu huanza kwa kuliwa.

Viti vile havikutupwa. Katika ukoo wetu kuna fundi seremala mmoja tu wa maana, na unyenyekevu unanizuia kumtaja. Huyo ndiye aliyechukua miguu ya viti akachonga magurudumu, vikombe, njuga, na kijiko kimoja laini kama shavu, kijiko ambacho mfalme angekililia. Ukatandikwa mkeka mkubwa wa plastiki, likaletwa beseni la maji ya moto na sabuni, maana kila kilichotoka kinywani mwa mmoja lazima kioshwe kabla ya kuingia kinywani mwa mwingine. Mpwa akajiweka kwenye beseni, povu hadi viwikoni, na shughuli ikaanza.

Walikuja wa kila namna. Mama waliokuwa hawajalala tangu wajifungue. Madada wa kazi waliobeba watoto wa mabosi. Baba mmoja, dereva wa lori, aliyemshika bintiye kama mtu aliyeshika yai la mwenzake. Na bibi mmoja mlezi wa wajukuu mapacha, Bibi Pacha tukamwita, mwenye ulimi wa kukatia kuni.

Masharti ya mpwa yalikuwa kukosa masharti. Hakuna kujiandikisha, hakuna kuulizwa jina, hakuna kuchelewa. Utotoni alimsindikiza mama yake kliniki akimbebea wadogo zake, akaona jinsi kina mama walivyofokewa mbele za watu kwa kadi iliyolowa au uzito uliopungua. Akaapa kwamba kwake hatashika kalamu. Mkuu alimsumbua sana awe na daftari la mahudhurio. Mpwa akasema mzazi akiona kalamu anakaa kama yuko polisi. Watoto wakapewa majina ya vile wanavyovitafuna. Kulikuwa na Kikombe, kulikuwa na Gurudumu, na pacha wote wawili waliitwa Kona ya Kitabu.

Sharti lilikuwa moja tu, na hilo alilishika kama dini. Mkekani mtoto haitwi. Haitwi, havutwi, hapigiwi makofi. Wiki nzima anaitwa njoo, kaa, acha, tema. Basi apate saa moja ya kwenda anakotaka, na mlezi naye akae, mikono mapajani, apumue. Mgeni akisahau akaanza "njoo kwa mama, njoo", mpwa anaweka kidole chenye povu mdomoni. Bibi Pacha alisema amelea tisa, hakuna hata mmoja aliyemwachia aende anakotaka, na wote wana meno. Lakini naye alinyamaza. Chumba kilikuwa kimya, unasikia mbao na mate tu.

Siku hizi ukipita pale Jumatano utadhani ni mnada. Wanaitwa hao, majina yote kwa mkupuo. Sharti lile limekufa, na kilicholiua ndicho nilichokalia kuwasimulia.

Alikuja msichana mmoja, mwembamba, mtoto mgongoni. Siku ya kwanza alimweka mtoto mkekani akawa anamwita kwa sauti ndogo, kama anayeomba msamaha. Mpwa akamwinamia, akamwambia, "Usimwite, mwanangu. Mwache tu. Akikutaka atakuja." Msichana akaitikia kwa kichwa. Akaenda akaegemea kabati lililo ukutani, akaweka mikono mapajani, na kabla Bibi Pacha hajamaliza kumkagua viatu, akawa amelala. Usingizi wa mtu aliyeangushwa.

Ikawa ndiyo desturi yake. Kila Jumatano anafika, anamtua mtoto, analala ameegemea kabati. Mtoto naye alitambaa moja kwa moja kwenye kijiko, akakitia kinywani, akatulia kama mzee na kiko chake. Akawa Bwana Kijiko. Watu walimbeba, wakampokezana, wakamfuta mate. Mpwa alijivuna. Aliniambia kwamba kati ya wote waliopita pale, yule ndiye aliyeelewa mkeka ni wa nini, maana tangu siku ile hakumwita mwanawe tena, hata mara moja. Wengine walinong'ona kwamba huo si ulezi. Mpwa akasema mwacheni alale, hamjui usiku wake ukoje. Kweli hatukuujua. Hatukuuliza.

Jumatano moja ya mvua msichana aliamka mapema. Akamsogelea mpwa pale kwenye beseni, akamuuliza polepole kwamba akichelewa itakuwaje. Mpwa hakugeuka. Pacha mmoja anamvuta sketi, mwingine anakunywa maji ya sabuni. Akajibu lile alilowajibu wote. "Hapa hakuna kuchelewa. Nenda kapumzike, mwanangu. Mtoto yuko kwetu."

Ni maneno kama ya mwenyeji anayekwambia karibu, hapa ni kwako. Hatarajii ulete kitanda.

Wakati wa kuondoka ulipofika, watu wakafunga watoto migongoni, wakaenda zao. Bibi Pacha akasema mwenye Kijiko atakuwa msalani. Msalani hapakuwa na mtu. Mpwa akauviringisha mkeka upande mmoja, akaosha vikombe, akaosha magurudumu. Upande wa pili wa mkeka Bwana Kijiko amekaa, anamtazama. Wazee wa gazeti wakaondoka. Mlinzi akaja na funguo. Mkuu akatoka ofisini kwake, akashusha ile miwani ya utosini.

"Mama yake anaitwa nani?"

"Sijui," akasema mpwa.

"Anakaa wapi?"

"Sijui."

"Mtoto mwenyewe je, jina lake?"

Mpwa akafungua kinywa. Alikuwa na jina moja tu. "Kijiko," akasema.

Mkuu hakumkaripia, na angemkaripia ingekuwa nafuu. Akapiga simu. Akaja ofisa wa ustawi wa jamii, mama wa makamo, mkoba mzito, viatu vimekanyagwa visigino. Si mtu mbaya, msimfanye mbaya. Mpwa alimsihi amwachie mtoto alale kwake, usiku mmoja tu, mama atatokea asubuhi. Ofisa akamuuliza akitokea mwingine asubuhi akasema mtoto ni wake na ameibwa, atamkabidhi yupi, na kwa alama ipi? Akamchukua. Mtoto hakulia. Mkeka ulikuwa umemzoesha kubebwa na yeyote. Kijiko kilibaki ndani ya beseni, chini ya povu.

Kuanzia siku hiyo mpwa alizunguka mitaa yote ya nyuma ya maktaba, akibisha kwenye vyumba vya kupanga, akiuliza mabombani, akiuliza vituo vya mabasi. Na mjomba wake akiwa ubavuni, mtu anayejulikana mji mzima, ambaye kwa kawaida akiuliza njia huletewa na kiti. Haikusaidia. Utamuulizia vipi mtu usiyemjua jina? Mpwa alijua mdomo wake unavyoachama kidogo akiwa amelala, alijua anavyoweka kiganja chini ya shavu, na alama aliyo nayo shingoni upande wa kushoto. Lakini nani mwingine alimwona amelala? Ungemleta msichana yule mbele ya mpwa, amefumbua macho, sidhani kama angethubutu kuapa.

Mpwa akakonda. Nikimtania anajibu kwa adabu, na hapo ndipo nilipoogopa.

Majuma yakapita. Jumatano nyingine, shughuli imekolea, mlango ukafunguliwa akaingia msichana mwenye gauni safi na mfuko mkononi. Macho makubwa, yamelala vya kutosha. Akavua viatu. Akapita pembeni ya mkeka akitabasamu, akaketi penye kabati, akaweka mikono mapajani. Akangoja.

Chumba kizima kilimwona. Alikuwa anawatazama watoto mmoja mmoja, hana haraka, kama alivyofundishwa. Anangoja wake atokee kati ya wenzake aje. Bibi Pacha akageukia ukutani. Baba dereva akamnyanyua bintiye akatoka naye nje. Baada ya muda msichana akamuuliza mpwa, "Dada, amelala?"

Mpwa akamketisha ofisini kwa mkuu, akamweleza. Ikajulikana kwamba alikuwa amepata kazi ya ndani katika nyumba moja upande wa pili wa mji. Bosi hakutaka mtoto, wala hakutaka ruhusa ya kutoka mpaka majaribio yaishe. Alikuwa ameumiza kichwa siku nyingi, na kila njia ilimgomea, isipokuwa moja. Mfuko ule ulikuwa na soksi za mtoto.

"Ulisema yuko kwenu," akamwambia mpwa. Hakusema kwa hasira. Alikuwa anamkumbusha tu, kama mtu anayeona mwenzake amesahau.

Wakaenda kwa ofisa. Karatasi ya kuzaliwa msichana hana; alijifungulia chumbani, na jirani aliyempokea mtoto alikwishahama. Mpwa akasema yeye anathibitisha kwamba huyu ndiye mama. Ofisa akamuuliza alimfahamu jina lini. Mpwa akasema Jumatano iliyopita. Ofisa akavua miwani akajifuta macho kwa uchovu. Akasema ameona wengi wanaorudi siku wakikumbuka, na wengi wanaorudi kweli, na sura zao ni zile zile. Atakachotaka ni kuwaona pamoja, mama na mtoto, ndipo aandike. Hapo mpwa akaona mwanya. Akaomba wasionane ofisini kwenye benchi, waonane mkekani ambako mtoto amezoea. Ofisa akafikiri, akakubali.

Mpwa alirudi nyumbani anaimba. Usiku ule alikula. Akaufua mkeka, akaupangusa upande kwa upande. Akakitafuta kijiko, akakiosha, akakiweka katikati kabisa, mtoto ajisikie yuko kwao. Msichana alipomuuliza siku hiyo afanye nini, mpwa akamshika mikono yote miwili. "Usihofu, mwanangu. Kaa kama siku zote."

Walifika wote mapema. Bibi Pacha alivaa viatu vya kutokea, ametangaza kwamba ofisa akileta maneno atayapata. Kiti kimoja tu kilikuwa kimesalia katika vile vya zamani, akapewa ofisa, pembeni, karatasi magotini. Mtoto akatuliwa ukingoni mwa mkeka. Amenenepa, amenyolewa kichwa. Msichana yuko penye kabati, mikono mapajani, vidole vimekamatana mpaka vimebadilika rangi. Kijiko kati yao.

Nami nilikuwa pale mlangoni, kwa macho yangu haya, kwa hiyo hapa mnisikilize vizuri. Mtoto akatazama huku, akatazama kule. Akamwona mama yake. Basi, mtoto yule ambaye hajawahi kusimama duniani, akajiinua, akasimama wima kama askari wa gwaride, akapiga hatua ya kwanza, akapiga ya pili, akakiruka kijiko, akamwangukia mama yake shingoni akimwita kwa sauti iliyotikisa rafu zote za vitabu, na ofisa yule machozi yamemlowesha mpaka mkoba, akazichana karatasi zake vipande vipande, akasema mbele za watu wote kwamba kuanzia leo mtoto huyu—

"Mjomba."

Mpwa yuko nyuma ya kiti changu, anasoma ninachoandika. Sijui amesimama hapo tangu mstari gani.

"Alitambaa," anasema. "Alitambaa mpaka kwenye kijiko, akakitia kinywani, akakaa. Mama yake hakumwita. Alikuwa ananitazama mimi, anangoja nimwambie, na mimi nilikuwa natabasamu kwa sababu kanyamaza vizuri. Ofisa akaandika kwamba mama hakumwita mwanawe. Akambeba mtoto, na kijiko kinywani, na mpaka leo hajarudishwa. Futa, mjomba. Anzia pale unaposema alisimama."