Mtaani Mama Nasra ni Mie, Kwenye Simu ni Mwingine

Habari zenu wapendwa. Admin, jina langu lifiche, na huyu mtoto nimemwita Nasra ila si jina lake. Mie ni mwanamke wa miaka thelathini na nne, mke wa mtu, naishi Gongo la Mboto. Mume wangu ni seremala, karakana yao iko Chang'ombe. Alinioa akiwa na mtoto wa kike wa miaka mitatu. Mama mzazi wa mtoto walishaachana, akaenda Uarabuni kufanya kazi za ndani na mpaka leo yuko hukohuko. Nasra nimemlea mie. Surua nimemuuguza mie, kichwa namsuka mie, siku ya kwanza chekechea alilia kang'ang'ania dera langu hadi mwalimu akamchomoa kwa nguvu. Baadaye nikazaa wangu wa kiume, lakini mtaa mzima bado unaniita Mama Nasra, na nilikuwaga naitika kwa raha zote.

Sasa nyumbani tulikuwa na akaunti moja tu ya mtandaoni, ya mume wangu. Hiyohiyo kwenye simu yake, kwenye yangu, kwenye runinga na kwenye tableti ya watoto. Baba akitaka mawaidha zinamjia singeli za Nasra, mie nikitafuta mapishi naletewa katuni. Tulikuwa tunagombana huku tunacheka. Mpaka siku mdogo wake Nasra alipofuta picha zake zote za shule, mtoto akalia akagoma kula. Mume akaulizia kwa wenzake kazini, akarudi na jibu: kila mtu awe na akaunti yake, halafu za watoto ziunganishwe chini ya wazazi, ili wakitaka kupakua kitu ombi lije kwetu, turuhusu au tukatae. Nikaona jambo la maana.

Tukakaa sebuleni, anaunganisha mmoja mmoja. Alipofika kwa Nasra, mtoto akasema kwa sauti ya chini, "Baba, na mama wa Uarabuni si tumuweke? Naye awe ananiona." Mume akanitazama. Jamani, ningesema nini mbele ya mtoto? Nikajibu, "Muwekeni tu." Nasra akanirukia shingoni kwa furaha, na mie nikajikaza kutabasamu.

Ombi la kwanza lilikuwa mchezo wa kuchora. Nilikuwa jikoni nakaanga samaki, nikamwambia ngoja nimalize nikuruhusu. Nanawa mikono, nashika simu, nakuta limesharuhusiwa. Limeandikwa: Mama Nasra ameruhusu. Nikasoma tena. Yule mwanamke akaunti yake kaiita Mama Nasra! Yangu mie mume aliifungua kwa jina la kitambulisho, jina ambalo hata jirani hanijui kwalo.

Kuanzia hapo nikawa sina amani. Simu naenda nayo mpaka chooni ili nimuwahi. Nikikataa kitu, yeye anaruhusu. Nikimsikia Nasra chumbani anaongea naye kwa video, anacheka, nasogea kwenye pazia nisikie wanacheka nini. Nikamwambia mume wangu, "Huyu mwanamke ananipanda kichwani." Akacheka. "Mke wangu, unamuonea wivu mtu aliyeko ng'ambo? Yeye anabonyeza simu tu, wewe mtoto mzima unaye ndani." Hakunielewa kabisa.

Kilichonimaliza ni hiki. Nasra ana miaka kumi na mbili. Siku moja karudi shule, kasimama mlangoni anasokota kona ya mtandio. "Mama, mama kasema nikuombe pedi." Nikamuuliza, "Mama gani?" Akainama. "Wa Uarabuni. Nilimwambia jana." Jana! Mtoto niliyemuogesha mie, kakua ndani ya nyumba yangu, habari naletewa na mtu aliyeko Uarabuni. Nikampa, nikamkumbatia, nikamuelekeza vizuri kila kitu. Halafu nikaingia bafuni nikafungulia maji ili nilie asinisikie.

Jioni ileile mume alipokwenda msikitini aliacha simu kwenye chaji. Yeye ndiye mkuu wa familia humo kwenye akaunti, anayeweza kuongeza au kutoa mtu. Paswedi yake naijua. Nikaingia, nikamtoa yule mwanamke, hata zile video na mtoto zikakatika. Nikairudisha simu kwenye chaji.

Baada ya siku chache akanipigia. Nilidhani anakuja kunitukana. Akasema kwa upole, "Shikamoo dada. Nimejikuta nimetolewa kwenye akaunti ya mtoto. Au kanichoka? Ile ishu ya kike nilimwambia, 'Hayo mambo mama yako wa hapo ndiye atakuelekeza vizuri, nenda kwake.' Labda alichukia, akaona namfukuza." Nikajibu, "Marahaba. Sijui mdogo wangu, labda mtandao." Akanishukuru, jamani. Akanishukuru kwa malezi.

Mume naye alipoona hayumo akaguna, "Basi muacheni, kama kaamua kuondoka tena." Nasra alikuwepo, akalisikia lile neno 'tena'. Akaja kwangu nafua, akaniuliza, "Mama, mtu akijitoa mwenyewe ndiyo hataki tena?" Nikamwambia labda ana kazi nyingi.

Sitawadanganya, wivu haujaisha. Kuna muda nafurahi kabisa kwamba nimebaki peke yangu. Maombi yote sasa yanakuja kwangu. Ila Nasra haombi tena kitu. Tableti kaiacha, mdogo wake ndiye anaichezea.

Nikimrudisha, mwaliko utatoka kwenye simu ya mume wangu, wataulizana, na wote watatu watajua ni mie niliyemtoa. Nikinyamaza, mtoto atakua akiamini mama yake kamkimbia mara mbili. Naogopa nikisema ukweli nitampoteza moja kwa moja, na sina mwingine wa kike. Dada zangu, kaka zangu, hasa nyie mliolelewa na mama wa kambo, nitukaneni mkimaliza mniambie: nianzie kwa nani, na nimwambieje?