Kisu Chembamba cha Mama

Nyumbani kwetu Goma samaki alitoka jikoni bila mwiba. Majirani walipika tilapia mzima, na kichwa na mkia, kila mtu akapambana na miiba yake mwenyewe, na walituona sisi watu wa kudekezwa. Walikuwa na haki. Mama alitaka watoto wake wale samaki bila woga, basi. Kwanza alitenga minofu na mifupa, ndipo sufuria ikaenda motoni. Mifupa na kichwa alivichemsha kando kwa ajili ya mchuzi. Hata tulipokuwa watu wazima wenye watoto wetu, hakuna aliyethubutu kumsaidia.

Alipopata kiharusi tulishukuru kwanza kwamba yuko hai, kisha tukaona mkono wa kulia umepooza. Ulirudi, lakini ulirudi mvivu. Siku aliyoshika tena kisu chake cha zamani, kizito, kilichofuliwa kutoka springi ya lori, kilimponyoka kikamchana kidole gumba. Mdogo wangu wa kiume, ambaye anaishi na mama pamoja na mke wake na watoto, akakichukua kile kisu akakifungia kabatini. Akasema kuanzia sasa samaki atasafishwa na mke wake. Mama akae, apumzike, amefanya kazi ya kutosha. Alisema kwa upendo, simsingizii. Mama hakubisha. Aliketi mlangoni kwenye kiti cha plastiki, na siku samaki alipopikwa alisema hana njaa.

Mimi nina hasira za karibu, na jambo hilo liliniudhi. Mama alikuwa anageuka mgeni katika nyumba yake mwenyewe. Alianza hata kuomba ruhusa ya kuchota maji. Nikajiambia, heri ajikate kidole kingine kuliko kumwona amekaa pale akisubiri kuletewa sahani. Kisu kizito kimemshinda, sawa. Nitamtafutia chepesi.

Usidhani ni kazi rahisi. Sokoni visu vimejaa, vinang'aa, na kwenye boksi kuna picha ya samaki ambaye hajawahi kuogelea katika ziwa lolote la kwetu. Cha kwanza nilikikunja kidogo kwenye ukingo wa meza, kikabaki kimekunjika. Nikamwambia muuzaji kisu chake kimechoka kabla ya kuanza kazi. Cha pili kilikuwa kizuri, chembamba, kinakunjika na kurudi. Nikachovya mkono katika mafuta ya mawese ya mwanamke aliyekuwa akiuza kando yake, nikakishika tena. Mpini ukateleza kama sabuni. Muuzaji alikasirika kwa sababu nilimchafulia bidhaa, mwenye mawese akakasirika kwa sababu ya mafuta yake, na mimi nikawakasirikia wote wawili nikaondoka.

Mwishowe nilifika mtaa wa Ndosho, kwa fundi anayetengeneza visu kwa misumeno mikuukuu ya kupasulia mbao. Nikamweleza ninachotaka: bapa jembamba, lenye kukubali kujipinda likifuata uti wa mgongo wa samaki, kisha linyooke lenyewe. Ncha iwe kali, lakini kisu kisiwe kirefu, maana mkono wa mama ungetetemeka. Na mpini uwe mnene kupita kawaida, kwa sababu vidole vyake havifumbi tena vizuri. Fundi akauzungushia mpira wa tairi, ule ambao watu wa chukudu, zile baiskeli za mbao za kusukuma, hufungia mizigo yao.

Mama alikipokea. Alikipinda, akakiachia, akakisikiliza kinavyolia.

“Hii kisu haina buzito,” akasema. “Samaki itaiogopa kweli?”

Kesho yake nilipata tilapia wa Vitshumbi, kijiji cha wavuvi, maana siku hizi wakifika mjini lazima uwawahi. Kuingia uani, namkuta mama amechuchumaa, ananoa kisu kipya kwenye jiwe la volkano. Goma tumezoea hivyo. Tumejenga juu ya mawe hayo, kila ua una la kwake, na panga na jembe na kisu vyote vinapita hapo. Chuma kinene kinavumilia. Lakini jiwe lenyewe ni matundu na meno matupu, na kile kisu chembamba kilitoka pale kimekuwa msumeno tena, kama kilivyokuwa kabla ya fundi kukigusa.

Nilifungua mdomo nifoke. Nikaona mabega yake yanatikisika, nikadhani analia. Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akakaa chini, na mimi nikakaa chini kando yake, samaki mapajani, nikacheka naye. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu augue. Nilifurahi kiasi kwamba ningempa aharibu na kingine.

Tulipanda pikipiki wote wawili kurudi Ndosho. Fundi akakisawazisha upya, akatuambia tukinoe polepole kwenye kitako cha kikombe cha udongo, pale pasipong'aa. Mama akamwambia na yeye mpira wake hautoshi, aongeze. Akaongeza.

Mdogo wangu aliporudi kutoka kazini alimkuta mama ameketi mbele ya ubao, kisu mkononi. Alimwendea ili amnyang'anye, nikasimama katikati. Nilimwambia kwa sauti ya chini kwamba akimgusa, leo atanijua. Akaketi. Mama aliparua magamba, akapasua nyuma ya kichwa, akalaza bapa juu ya uti wa mgongo, akasukuma. Kisu kilijipinda kama inavyotakiwa. Mkono ndio uliochelewa: ulisukuma, ukasimama, ukasukuma tena. Fufu, ugali wetu wa muhogo, ilikuwa imeanza kupoa alipomaliza samaki wa mwisho, na minofu ilikuwa imechanikachanika, mingine imebaki kwenye mifupa. Akapika mwenyewe, akagawa mwenyewe.

Tonge la kwanza, mwiba ukanichoma ufizi. Nikautoa kimyakimya, nikaufukia chini ya fufu. Nikavuta sahani za watoto kwa kisingizio kwamba chakula bado kina moto, nikawachambulia kwa vidole. Mke wa mdogo wangu alikuwa anatafuna taratibu sana. Mdogo wangu mwenyewe taya lilisimama, kisha akameza kwa shida, akachota tena. Nilimpenda sana wakati ule, yule bwana wa makabati.

Mama alikuwa anatutazama.

“Miiba imebakia?” akamuuliza mdogo wangu.

“Apana, mama. Iko safi.”

“Haujuake kudanganya. Leta sahani.”

Mdogo wangu ana ndevu zilizoanza mvi, na kazini kuna watu wanaosimama akiingia. Alimsogezea sahani yake. Mama akaiweka mapajani, akaanza kupapasa mnofu kwa ule mkono wa kulia, kipande kwa kipande, akiweka miiba ukingoni. Mdogo wangu akanyoosha mkono kuchukua kipande kilichokuwa tayari.

“Ngoja,” mama akamwambia. “Mukono yangu inachelewa, lakini inafika.”

Akangoja. Sote tukaacha kula, tukangoja naye.