Mama wa Mchunga Ngamia

Watoto wangu waliponipatia nafasi ya kwenda Hija, kila mtu mtaani kwetu Mazwi alifurahi isipokuwa mimi. Nilipokea pongezi, nikacheka na majirani, kisha nikarudi ndani kusikiliza mama anavyopumua. Tangu baridi iingie miguu yake ilikuwa imeanza kuvimba, na kutoka chumbani hadi barazani alisimama njiani kushika ukuta. Dalili ya mvua ni mawingu. Mimi ni mtu wa wasiwasi hata kwa mambo madogo. Nikiinjika maharage huenda na kurudi kuangalia kama maji yamekauka. Sasa nilitakiwa nimwache mama niende nchi ya mbali. Je, nikirudi nionyeshwe kaburi?

Mdogo wangu anayelima mpunga kule bondeni Muze aliahidi kupanda huku juu kumuuguza. Mama naye, kila nilipomuuliza, alijibu vilevile, "Nenda, mwanangu. Utanikuta." Ila alisema hivyo akitazama dirishani, na hilo ndilo lililoninyima usingizi.

Mama ni Mkatoliki, wa wale wasiokosa misa ya Jumapili hata mvua inyeshe. Mimi nilisilimu nilipoolewa. Alinuna, akanuna tena, mwishowe akazoea. Rozari yake huning'inia kichwani mwa kitanda, na msala wangu hukaa umekunjwa kwenye kiti kilicho pembeni. Juu ya dini hatugombani tena. Tunagombana juu ya chumvi, ambayo daktari alimkataza naye huiiba nikigeuka.

Wenzangu wa darsa la akina mama waliniomba niwasimulie habari za yule walii wa Yemen, mchunga ngamia wa zama za Mtume. Mchana mmoja nikakaa kando ya kitanda cha mama nikipepeta ulezi, nikawa najikumbusha kwa sauti. Kijana yule alimpenda Mtume bila kumwona. Nyumbani alikuwa na mama mzee, hana mwingine wa kumtazama. Akamwomba ruhusa aende Madina. Mama akamruhusu, ila asipomkuta Mtume nyumbani asingoje, arudi. Kijana akasafiri safari ndefu, akafika, Mtume hayupo. Akageuza njia. Hakumwona maishani mwake, lakini inasimuliwa kwamba Mtume aliwaambia maswahaba zake wakija kukutana na mtu huyo wamwombe awaombee. Hapo ndipo akina mama wa darsani hulia kila mara.

Mama hakulia. Aliuliza, "Kwa nini alimwambia asingoje?"

"Ulikuwa mtihani, mama. Mungu alikuwa anampima."

"Mtihani gani! Yule mama alikuwa anaogopa. Anaogopa kufa mwanae hayupo. Ninyi mnamsifu mtoto tu, mama hamumuulizi."

Nikauweka ungo chini. "Na wewe, mama?"

Safari hii alinitazama mimi. "Naogopa sana, mwanangu. Usiende."

Nisijifanye mwema: nilikasirika. Miezi yote ananiambia nenda, leo nimeshashona hadi nguo za safari ndiyo anasema usiende! Nilitoka uani nikalia, na katikati ya kilio nikahisi nafuu, kwa kuwa hofu niliyodhani naibeba peke yangu, yeye pia alikuwa nayo. Kisha nikawapigia watoto simu, nikawaambia siendi. Shehe alisema mwenye udhuru halaumiwi. Shoga yangu mmoja akasema nimeukataa wito wa Mungu, na maneno yake hayajanitoka mpaka leo. Umri wangu si wa kuambiwa utakwenda mwakani.

Asubuhi mahujaji wenzangu walipopanda basi, nilimpelekea mama uji wa ulezi. Nikamwamkia, akaitikia marahaba kwa sauti ndogo.

"Wameondoka?"

"Wameondoka."

Akanywa kidogo, akapumzika, akanywa tena. "Yule mtakatifu wenu, aliporudi nyumbani, mama yake alimshukuru?"

"Masimulizi hayasemi."

"Basi wewe ukisimulia, sema alimshukuru."

Nikamwambia siwezi, habari za mawalii haziongezwi neno. Hakubishana. Alinirudishia kikombe, na vidole vyake vya baridi vikabaki juu ya mkono wangu kwa muda.

Alhamisi nilikwenda darsani, mdogo wangu akiwa amekuja kukaa naye. Hata hivyo simu niliiweka mapajani, na kila ilipotikisika niliinama kuitazama. Nilisimulia yote kama nilivyoyapokea, nikafika alipogeuza njia, nikafika kwenye dua. Wakaanza kufuta machozi kwa ncha za mitandio. Kwa kawaida mimi huifunga hadithi hapo.

"Lililobaki halimo vitabuni," nikasema. "Nimelipokea kwa mama yangu. Aliporudi, mama yake alimshukuru."