Mzinga Usio na Mwenyewe

Mzee mmoja wa kijiji cha Kagerankanda, aliyeletwa kwangu na binti yake, alinidanganya mchana kweupe nami nikaingia mkenge mzima mzima, na uwakili wangu wote. Alishtakiwa kuingia msitu wa hifadhi bila kibali na kubandua magome ya miti hai ili atengeneze mizinga ya nyuki.

"Wakili, nilifuata mbuzi wangu tu. Hiyo mizinga siijui."

Basi nikaenda kumpigania mbuzi. Nilimsumbua mwendesha mashtaka mpaka akalegeza kamba: mzee akiri kuingia msituni, alipe faini, shtaka la magome lifutwe. Akikataa, kesi itasikilizwa yote, na kwa umri wake niliogopa gereza lingemmaliza.

Siku ya kutia saini, mzinga wa kielelezo ulikuwa juu ya meza. Mwendesha mashtaka, mtu wa Tanga anayeijua asali ya chupani tu, akaugonga kwa kalamu.

"Kweli huu si wako, mzee. Umefungwa ovyo. Mvua moja tu unafumuka."

Nilimwona mzee akivimba, nikamkanyaga mguu chini ya meza. Nilichelewa.

"Ovyo? Huo umekaa mtini misimu minne! Vuta kamba hiyo. Vuta uone!"

Mwendesha mashtaka akavuta. Kamba haikulegea. Alicheka mpaka akavua miwani. Mimi nilimtoa mzee nje, hadi barazani, nikiwa nimefura.

"Mbuzi yuko wapi?"

"Sijawahi kufuga mbuzi."

"Na mizinga?"

"Tisa. Yote yangu."

"Mimi ndiye wakili wako! Ukinificha mimi, nikuteteeje?"

Akainamisha kichwa. "Wakili mwingine ningemwambia, mwanangu. Niliposikia jina lako nilijua wewe ni wa nani: kufunga vile nilifundishwa na baba yako. Alituapisha sisi wanafunzi wake tusiguse gome la mti ulio hai. Ningeanzia wapi kukwambia wewe?"

Baba alifariki nikiwa darasa la pili. Sikuwahi kumwona akifunga mzinga. Hasira iliniisha palepale, nikabaki na furaha ambayo sikujua niiweke wapi.

Tulirudi ndani tukakiri kwamba mizinga yote tisa ni yake. Makubaliano mapya yakaandikwa: akiri makosa yote mawili, alipe faini kubwa zaidi, apande miti, asiende jela. Mzee akatia saini bila kusukumwa.

Tulipotoka nilikaa kwenye ngazi, nikafungua kamba ya kiatu changu, nikampa.

"Nionyeshe alivyokuonyesha," nikamwambia.